Jinsi ya kupata ED ya afya ya akili ikakubalika kazini (Tanzania Bara)

ED (Excuse Duty) ni cheti cha daktari cha kukupumzisha kazini. Somo hili ni la walioajiriwa Bara. Zanzibar wana sheria yao.

Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Sonona ni ugonjwa kama malaria. Watu wanakwamia kwenye cheti.

Hatua ya 1: Ripoti ya mshauri wako. Kama unaonana na mwanasaikolojia, mwombe aandike ukurasa mmoja: alianza kukuona lini, anaona nini, anapendekeza nini. Usiikimbize kwa HR. Sheria inataka cheti chenye saini ya daktari aliyesajiliwa, au tabibu mwingine ambaye mwajiri amemkubali (naye hatakiwi kumkataa bila sababu ya msingi). Ripoti hii ni ya kumpelekea daktari.

Hatua ya 2: Kliniki ya afya ya akili. Kwa Dar kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe. Mikoani anzia hospitali ya rufaa ya mkoa. Wa bima, ulizeni habari ya rufaa kabla ya kupanga foleni.

Hatua ya 3: Mbele ya daktari. Hapa ndipo wengi wanajiangusha. Mtu anaingia, anasema "nina msongo wa mawazo", anatoka na vidonge vya usingizi. Eleza kazi inavyokushinda: "Naamka saa nane usiku silali tena. Hesabu za stoo nazijumlisha mara nne, kila mara jibu jingine. Simu ya bosi ikiita mikono inatetemeka." Kisha tamka kwamba unaomba ED. Usipoomba, daktari mwenye foleni ndefu nje anaweza asikumbuke kabisa.

Hatua ya 4: Isome karatasi kabla ya kuondoka. Jina liwe kama la kwenye mkataba, tarehe ya kuanza na ya kumaliza zionekane, kuwe na jina, saini na namba ya usajili ya daktari, na muhuri. Muhuri jamani! Mwombe pia aandike tu kwamba uko kwenye matibabu na unatakiwa kupumzika, bila kutaja ugonjwa.

Hatua ya 5: Kukabidhi. Mjulishe msimamizi wako siku hiyo hiyo kwa ujumbe wa maandishi. ED ipeleke kwa HR na nakala, nakala hiyo isainiwe "imepokelewa" na tarehe, ubaki nayo.

MASWALI YA WANACHAMA

Bosi anang'ang'ania kujua naumwa nini. Nimwambie?
Hiari yako, dada. Taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mjibu kwa upole kwamba maelezo ya daktari yako kwenye ED. Ila kama ni bosi muungwana na unataka upunguziwe zamu za usiku ukirudi, kumdokeza kidogo kunaweza kusaidia.

Nina miezi minne tu kazini, kaka. Nahesabiwa?
Kwa kawaida ambaye hajatimiza miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo chini ya sheria hii. Soma mkataba wako, baadhi ya waajiri wanatoa zaidi. Kama mkataba hautoi, omba likizo bila malipo kwa barua, na ED uiambatanishe vilevile.

Mshauri wangu yuko Nairobi, tunaongea kwa simu. Barua yake inafaa?
Inafaa kama ripoti ya Hatua ya 1. ED tafuta kwa daktari wa hapa.

Nilipeleka ED, wiki iliyofuata nikapewa barua ya kuachishwa. Nifanyeje?
Pole sana, ndugu yangu. Nenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi) ukajaze Fomu Namba 1 ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Beba barua yenyewe, mkataba na ile nakala ya "imepokelewa".