Kunyauka, kudondoka, kupukutika: jinsi ya kuchagua neno sahihi

Nahariri maandishi ya kilimo na mazingira, na kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni kuyachanganya maneno haya. Mimi hufuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Jani liko wapi?
Kama bado liko mtini, usiseme limepukutika. Jani lililolegea kwa kiu limenyauka. Likiwahi kupata maji huweza kusimama tena. Likijikunja na kupungua, limesinyaa. Likiishiwa maji kabisa, limekauka.

Hatua ya 2: Ni mangapi?
Jani moja hudondoka. Majani mengi, mfululizo, hupukutika. Neno hili limebeba wingi, ndiyo maana husemwa pia kwamba watu walipukutika kwa maradhi. "Jani limepukutika" huwa nalirekebisha.

Hatua ya 3: Nani ametenda?
Majani hupukutika, mti au upepo huyapukutisha. Mtu akikata matawi, amepogoa, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Hatua ya 4: Mti wenyewe umeshiriki?
Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Vunja tawi bichi uliache likining'inia: majani yake yatakauka lakini mengi yatang'ang'ania palepale. Kupukutika ni kazi ya mti ulio hai. Kwenye kikonyo, yaani kijiti kinacholishika jani, pale kinapoungana na tawi, hujengeka tabaka la seli dhaifu, jani linaachia, na kidonda kinazibwa kikawa kovu. Mbuyu hufanya hivyo wakati wa kiangazi ili usipoteze maji. Miti mingi ya nchi za baridi hufanya hivyo kabla ya majira ya baridi. Kwa hiyo mti mtupu si lazima uwe mti mfu. Kwangura gome la kijiti kwa ukucha: ukiona kijani, andika "umepukutisha majani", usiandike "umekauka".

Na ile miti ya kijani kibichi daima? Nayo hupukutisha, ila kidogo kidogo, huku mengine yakichipua. Usiiite "isiyopukutisha majani".

Hatua ya 5: Majira
Kamusi na vitabu vingi huyaita "vuli" majira ya kupukutika majani ya Ulaya. Lakini kwa msomaji wa Afrika Mashariki vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati miti mingi inachipua. Mimi huandika "majira ya kupukutika majani" mara ya kwanza, nikitaja na miezi yake.