Jinsi ya Kulinganisha The Lion King ya 1994 na ya 2019 kwa Haki

Anza na televisheni. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua hali ya filamu, kisha zima kipengele cha kulainisha mwendo (motion smoothing), kinachoongeza fremu, yaani picha moja moja, ili mwendo uonekane laini. Katuni ya 1994 ilichorwa kwa mkono, na mara nyingi mchoro mmoja hukaa fremu mbili kati ya 24 za kila sekunde. Televisheni ikibuni fremu za katikati, mistari huvurugika na utaona ubovu ambao wachoraji hawakuufanya.

Tazama ya zamani kwanza, dakika 88 mfululizo. Ya 2019, filamu mpya ya hadithi ileile, yenye dakika 118, iache hadi kesho yake. Ukiziunganisha usiku mmoja, uchovu ndio utakaoihukumu ya pili.

Kisha rudia sehemu tatu tu: mawio ya mwanzo, nyumbu korongoni, na wimbo wa Scar, ami mwovu wa Simba, simba mdogo shujaa wa hadithi. Simamisha picha pale Simba anapomkuta baba yake, Mufasa, amelala chini. Mwaka 1994 nyusi na midomo vinalia. Mwaka 2019 uso umebanwa usizidi ule wa simba halisi, kwa hiyo huzuni inabaki kwenye sauti peke yake. Hapo ndipo wapenzi wengi wa katuni huvunjika moyo, na wana haki kabisa. Wimbo wa Scar nao umefupishwa. Lile gwaride la fisi la 1994 halipo.

Lakini fumba macho umsikilize Mufasa: sauti ni ya mwigizaji James Earl Jones katika zote mbili. Na manyoya, vumbi na mwanga wa 2019, ingawa karibu vyote vimetengenezwa kwa kompyuta, vinastahili kioo kikubwa. Usivitazame kwenye simu.