Kukinga viazi na mboga dhidi ya sakitu: kazi ni ya mchana, si ya alfajiri

Kati ya Juni na Agosti, mkulima wa Njombe au Makete anaweza kulala shamba likiwa kijani, akaamka akakuta viazi vimelala kama vimemwagiwa maji ya moto. Hiyo ni sakitu, yaani baridi kali inayogandisha mimea. Ikishatua juu ya jani, jani hilo haliokoki. Kinga karibu yote inafanyika jana yake.

Kwanza ujue usiku wa kuogopa. Siku za ukungu na manyunyu zinatesa watu, lakini mawingu hufunika ardhi na joto halitoroki. Hatari iko kwenye anga jeupe, hewa kavu na utulivu usio na upepo. Ndiyo maana kwenye nyanda za juu za Kenya sakitu hupiga hata Januari, katikati ya kiangazi. Ile ya Januari 2012 iliunguza chai Kericho na Nandi. Usiku wa namna hiyo hewa iliyo karibu na udongo hupoa kuliko ya juu, kwa hiyo kipimajoto cha ukutani kinaweza kusoma nyuzi 3 huku jani la kiazi likiwa chini ya sifuri. Kitundike shambani, kwenye kimo cha mmea. Jua likizama kikawa kimeshuka chini ya nyuzi 10, na nyota zinawaka, jiandae. Baridi kali kuliko zote huja alfajiri, jua linapokaribia kuchomoza.

Hewa baridi ni nzito, huteremka na kutuama bondeni. Vinyungu, yaani bustani za bondeni, ndivyo vinavyoungua kwanza, na viazi vya mteremkoni, hatua chache tu juu yake, vikasalimika. Kama upande wa chini wa shamba una ua mnene au nyasi ndefu, fyeka mapengo ili hewa ipite. Ua wa upande wa juu uache, unasaidia kuzuia hewa baridi isiingie shambani.

Mazao nayo hayalingani. Maharage, maboga, nyanya na mahindi machanga hayana ujanja joto likigusa sifuri. Majani ya viazi huanza kuungua kwenye nyuzi 1 hadi 2 chini ya sifuri. Kabichi, sukuma wiki, karoti na vitunguu saumu huvumilia zaidi. Njegere inadanganya: majani yanastahimili, maua na maganda machanga hayastahimili, hivyo pigia hesabu tarehe ya kupanda ili isitoe maua katikati ya Julai.

Dawa ya bei nafuu ni maji. Mwagilia asubuhi au mchana wa kuamkia usiku wa hatari, udongo ulowe sentimita 30 za juu. Udongo wenye unyevu hubeba joto la jua na kuliachia usiku. Mkavu uliotifuliwa umejaa hewa na hauhifadhi kitu. Usilime wala kutifua siku hiyo. Matandazo ndipo wengi wanapokosea: nyasi hizo huzuia joto la udongo lisipande kwenye majani. Kwenye mboga fupi zisogeze kando hadi wiki ya baridi ipite.

Viazi visivyozidi sentimita 15 vipandishie udongo hadi majani yazame karibu yote. Vitatoboa tena.

Kwa kitalu, kunja fito za mianzi ziwe matao ya nusu mita, tandika gunia, shuka au nailoni juu yake kabla jua halijazama, udongo ungali na joto la mchana. Kingo zifike chini pande zote na zibanwe kwa udongo. Nailoni ikigusa jani, jani hilo litaungua. Asubuhi jua likishapanda, funua. Ukichelewa, jua litaipika miche humo ndani.

Vinyunyizio vinafanya kazi kwa sababu maji yanapoganda hutoa joto. Ila yanatakiwa kuendelea bila kukatika hadi barafu yote iyeyuke, kwa kiwango cha takriban milimita 3 kwa saa, yaani kama lita 12,000 kwa ekari kila saa. Tangi likiisha saa 10 usiku, maji yaliyobaki yanapokauka hupoza majani zaidi, na utapata hasara kubwa kuliko ya jirani ambaye hakufanya lolote. Kama maji hayatoshi hadi asubuhi, usianze.

Kuchoma matairi ni kujitesa bure. Moshi hauzuii joto kutoroka.

Asubuhi, kabla ya kukimbilia dawa ya ukungu, angalia vizuri. Sakitu huunguza kwa usiku mmoja, ikianzia majani ya juu na sehemu za bondeni. Bakajani chelewa, ugonjwa wa ukungu wa viazi, huanza na madoa, husambaa kwa siku kadhaa, na ukigeuza jani kukiwa na unyevu utaona utando mweupe kwenye ukingo wa doa. Ikiwa ni sakitu, tuliza mkono: usikate wala kumwaga urea kwa siku 7 hadi 10. Shina likibaki kijani, machipukizi yatatoka, na hapo ndipo mbolea kidogo ina maana. Kama viazi vilikuwa vimekaribia kukomaa, kata mashina yaliyokufa, acha viazi ardhini wiki 2 ngozi ikaze, kisha vuna.

Miche ya parachichi iliyopukutisha majani ina adui wa pili, jua. Paka shina na matawi chokaa nyeupe iliyochanganywa na maji, na usipogoe mpaka msimu wa baridi umalizike na uone mti unachipulia wapi. Kilichoonekana kimekufa Julai mara nyingi huchipua Septemba.