SOMO: Ukikuta trafiki, zimamoto au ambulensi wapo kazini barabarani, pita hivi

Wakuu, nimechoka kuulizwa hili inboksi, naliandika hapa mara moja. Ni kwa wanaoendesha Arusha–Moshi, ila linafaa kokote.

1. Ukiona matawi yametandazwa kwenye lami, pembetatu au taa za bluu, toa mguu kwenye mafuta hapohapo. Usisubiri uione ajali.

2. Washa hazadi, wa nyuma yako ajue.

3. Simu chini. Kwenye 80 unakata mita 22 kila sekunde.

4. Wape nafasi. Sakina mpaka Tengeru kuna njia mbili kila upande, hamia ile ya mbali nao. Ukishavuka Tengeru hamna pa kuhamia, kwa hiyo pita mwendo wa mtu anayetembea.

5. USITANUE. Hapa ndipo wengi wanaharibu, na nawaomba sana. Foleni ikisimama pale mteremko wa Kikavu mtu anachomoka anajaza upande wa pili, wa nyuma wanamfuata, wa Moshi nao wanafanya hivyohivyo, mwisho ambulensi ipo nyuma inapiga king'ora na haina pa kupenya. Ukitanua pia unapita ubavuni kwa watu waliokupa mgongo. Yule wa zimamoto amepiga magoti, kichwa kipo ndani ya gari, mashine ya kukatia bati inaunguruma, HAKUSIKII hata upige honi. Januari 2025 kule Segera, Tanga, lori liliwavamia watu waliokuwa wanasaidia kwenye ajali nyingine, wakafa 11. Baki kwenye mstari wako.

6. Trafiki akikuruhusu, nenda. Usisimame kuchungulia.

MASWALI

Dereva wa Noah: Mkuu nikiwa na haraka na naona mbele kupo wazi natanua kidogo tu si poa?
— Soma namba 5.

Dereva wa Noah: Nimesoma, nauliza kama kupo wazi
— Kupo wazi kwa sababu wenzako wameacha njia ya ambulensi. Usitanue.

Binti Kibosho: Samahani kaka, nasikia Marekani kuna sheria kabisa ya kuhama njia, ni kweli?
— Kweli dada, swali zuri. South Carolina walianza 1996 baada ya mhudumu wa ambulensi kugongwa akiwa kazini, Hawaii ikamalizia 2012, sasa majimbo yote 50 wanayo, unahama njia au unapunguza mwendo. Sisi tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, kutomtii trafiki ni kosa na kuendesha kizembe ni kosa, kwa hiyo usiseme hamna kinachokubana.

Konda Mstaafu: Na waliobeba winchi je?
— Haohao mzee wangu, na hawana hata king'ora. Wape nafasi ileile.

Boda wa Boma: Ongezeni na hili, mkishatengeneza gari ondoeni mawe na matawi, usiku sisi wa pikipiki tunayavaa
— Asante ndugu, hilo ni kweli tupu. Wenye malori mnamsikia? Na namba za simu shikeni, zimamoto 114, polisi 112.