Somo: Upepo umeezua paa na una bima? Fanya haya kabla fundi hajapanda juu

Huku Nyanda za Juu Kusini mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na zile za mwanzo ndizo huwa na fujo: upepo wa ghafla, mvua ya mawe, bati zinaruka. Makambako wao upepo wameuzoea kiasi kwamba watu wanapanga kufua nao umeme. Sisi wa Mbeya na Tukuyu tunashtuka kila mwaka kana kwamba ni mara ya kwanza.

Mimi naandaa BOQ za ukarabati, yaani orodha ya vifaa na kazi pamoja na idadi na bei zake. Ninachokiona mara nyingi ni hiki: paa linaruka usiku, asubuhi fundi kaitwa, jioni bati mpya ziko juu na zile zilizokunjamana zimeshauzwa kwa wa chuma chakavu. Wiki inayofuata ndipo mtu anakumbuka kwamba ana bima. Mkadiria hasara, yule anayetumwa kukagua na kupima hasara, anakuja, anakuta nyumba imesimama vizuri, anauliza hasara iko wapi. Hapo hata kama unasema kweli, huna cha kumwonyesha.

Kwanza kabisa, hakikisha bima uliyonayo ni ya nyumba

Nimeshakutana na watu wenye mkopo wa benki wanaosema "nyumba yangu ina bima, benki wananikata". Ukisoma karatasi unakuta ni bima ya mkopo: mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu, deni linalipwa. Bati zikiruka, bima hiyo haikuhusu. Nenda benki uombe nakala ya bima ya jengo lenyewe, kama ipo.

Bima ya jengo kwa kawaida huanzia kwenye moto, kisha majanga mengine yanaongezwa: dhoruba, mafuriko, kupasuka kwa mabomba, gari kugonga ukuta. Kilichoongezwa kimeandikwa, na kisichoandikwa hakipo. Hati nyingi ziko kwa Kiingereza cha kisheria, kwa hiyo usione aibu kumwambia wakala akuwekee kidole kwenye mstari unaotaja dhoruba. Akizungukazunguka, ujue kuna jambo.

Hatua ya 1: Watu na umeme

Toa watu chumba kilichofunuka, zima meni swichi, na usimruhusu mtu kupanda juu wakati mbao zimelowa. Nyaya zikiwa zinaning'inia upande wa nguzo, waite TANESCO, usiguse.

Hatua ya 2: Picha, kabla ya kufagia

Piga nyumba nzima kutoka pembe zote nne. Piga kila chumba ukianzia mlangoni. Piga bati pale zilipoangukia, hata kama ni shambani kwa jirani, na kwenye picha moja nyumba ionekane nyuma ili umbali ueleweke. Video fupi ukizunguka huku ukitaja tarehe na mtaa inasaidia sana. Zihifadhi picha zenyewe kwenye simu, maana zikishapita WhatsApp zinapungua ubora na tarehe yake ya asili inapotea.

Halafu ushuke kwenye vitu vidogo, ambavyo watu huviruka. Okota kipande cha papi, ile mbao nyembamba inayopigiliwa bati, kilichong'oka na bati. Tazama tundu la msumari. Mbao ikiwa imechanika, ndani bado ina rangi yake ya njano, nyuzi zimesimama, hapo nguvu ya upepo inaonekana wazi. Tundu likiwa jeusi na pana, ukiligusa kwa kucha unatoka unga, mkadiria ataandika kwamba mbao ilishaoza na upepo umemalizia tu. Uchakavu bima haiulipi. Vivyo hivyo kwenye bati: tundu lililochanika kwa urefu ni la kung'olewa, ila lenye duara la kutu pembeni limekuwa likivuja miaka. Piga picha zote mbili, nzuri na mbaya. Ukificha mbaya, mkadiria ataiona mwenyewe na kuanzia hapo hatakuamini hata kwenye nzuri.

Vipande vitatu vinne vya namna hiyo vitie kwenye mfuko, viweke pakavu. Bati zilizoharibika zikusanye pembeni. Usiuze. Kampuni ikishalipa, mabaki ni yake, au thamani yake inakatwa kwenye malipo yako. Ukiyauza kabla, unaanza mazungumzo ukiwa na deni.

Hatua ya 3: Toa taarifa

Siku hiyo hiyo mpigie wakala, kisha andika, kwa sababu simu haina kumbukumbu. Baruapepe au barua inayopigwa muhuri wa kupokelewa: jina, namba ya hati, tarehe na saa ya tukio, kilichoharibika kwa ufupi. Omba namba ya dai. Muda wa kutoa taarifa umeandikwa kwenye hati yako na hauongezwi kwa sababu ulikuwa na mambo mengi.

Barua ya mwenyekiti wa mtaa au mtendaji ichukue mapema, ikitaja kwamba nyumba za majirani nazo zimepata madhara, kama ni kweli. Ikibidi kuthibitisha hali ya hewa ya siku hiyo, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutunza takwimu za vituo vyake na unaweza kuziomba. Hifadhi pia picha ya tahadhari yao kama ilitolewa, zile wanazotaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa.

Hatua ya 4: Zuia hasara isikue

Una wajibu wa kuzuia maji yasiendelee kuharibu. Turubai, kamba, mifuko ya mchanga, vyombo kuhamishiwa kwa ndugu. Hizo ni gharama za dharura. Tunza risiti za EFD na uziweke kwenye dai. Kufunika ni sawa, ila kuezeka upya subiri mpaka mkadiria aone, au kampuni ikujibu kwa maandishi kwamba uendelee. Ukiacha sili bodi za dari zilowe wiki nzima huku turubai linauzwa Mwanjelwa, watakulipa paa na kukataa dari.

Hatua ya 5: BOQ, usiandike "paa zima milioni kadhaa"

Fundi mzuri wa kuezeka si lazima awe mzuri wa kuandika. Mkalishe chini, muorodheshe: bati ni za gauge gani, mgongo gani, futi ngapi, ngapi zimeharibika kabisa na ngapi zinarudi, kofia, mbao za kenchi 2×4, papi 2×2, fisha bodi, misumari, dari, nyaya, rangi, ufundi, usafiri. Kila mstari uwe na idadi na bei yake, na profoma (karatasi ya bei kabla ya kununua) kutoka maduka mawili au matatu. Mbao za Mafinga zikiwa na bei nafuu kuliko za mjini kwako, sema hivyo na uweke usafiri wake. Mkadiria naye anazijua bei za Mafinga.

Tofautisha kurudisha na kuboresha. Ulikuwa na gauge 32, sasa unataka gauge 28 iliyo nene zaidi kwa kuwa umepata somo. Vizuri, weka, lakini tofauti ni ya mfukoni mwako. Nimeona BOQ yenye bati za rangi za aina ya msauzi mahali palipokuwa na bati nyeupe za kawaida, na dai zima likaanza kutiliwa shaka kwa ajili ya huo msauzi.

Hatua ya 6: Siku ya mkadiria

Uwepo mwenyewe, na fundi wako awepo na ngazi. Mwonyeshe vipande ulivyotunza. Jibu alichouliza, usibuni. Omba jina lake na kampuni inayomtuma. Yeye anaandika ripoti, kampuni ya bima ndiyo inayoamua, kwa hiyo akikuambia "mambo yatakuwa mazuri" usiende kukopa bati kwa maneno hayo.

Hatua ya 7: Hesabu inayowaumiza wengi

Tuseme nyumba yako kuijenga upya leo ni shilingi milioni 80, lakini uliikatia bima ya milioni 40 ili ada iwe ndogo. Hasara ni milioni 6. Utasema milioni 6 iko ndani ya 40, nilipwe yote. Sivyo. Uliweka bima ya nusu ya nyumba, kwa hiyo unalipwa nusu ya hasara: milioni 3. Bado kuna eksesi, ile sehemu unayobeba mwenyewe. Ikiwa ni asilimia 10 ya malipo hayo, inatoka 300,000 na unabaki na milioni 2.7.

Kwa hiyo kila unapohuisha bima, uliza fundi kujenga upya sasa ni kiasi gani. Usitumie kiasi cha mkopo wala bei ya kuuzia nyumba. Kiwanja cha Forest Mpya kina bei kubwa, lakini upepo haukiezui.

Hatua ya 8: Kusaini

Kabla ya kulipwa utaletewa hati ya kukubali malipo. Ikisema ni malipo kamili na ya mwisho, ukisaini umefunga mlango. Omba kwanza mchanganuo: wamekata nini, kwa sababu gani. Kama jengo lina mkopo, uliza pia hundi inatoka kwa jina la nani, maana benki inaweza kuwa ya kwanza kulipwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Atu, Uyole: *Upepo uliingilia dirishani lililokuwa wazi, mvua ikalowesha makochi na TV. Paa liko salama. Nadai?*

Pole mama. Bima nyingi za dhoruba zinataka maji yawe yamepita kwenye tundu lililotobolewa na dhoruba yenyewe. Dirisha lililoachwa wazi halihesabiwi. Tena makochi na TV ni vyombo vya ndani, vina bima yake, havimo kwenye bima ya jengo mpaka uwe umeviongeza.

Mwalimu, Mafinga: *Kamwene. Mimi ni mpangaji. Mwenye nyumba amelipwa, vitu vyangu hajagusia.*

Kamwene mwalimu. Bima yake ni ya jengo lake, hana cha kukugawia humo. Mpangaji anakata bima ya vyombo vyake mwenyewe, na ada yake huwa ndogo kuliko ya jengo. Kwa hasara iliyokwisha kutokea, bima ya leo haikusaidii.

Da Tumaini, Tukuyu: *Kwetu ni mlima. Udongo ukiteremka ukasukuma ukuta wa nyuma, ni dhoruba hiyo?*

Dada, hapa uwe makini sana. Wote tunakumbuka tope lililoporomoka kutoka Mlima Kawetere kule Itezi, Mbeya, Aprili 2024. Mvua ndiyo iliyoanzisha, lakini kwenye hati nyingi maporomoko ya ardhi ni janga linalojitegemea, na mara nyingi limetolewa kabisa hata pale dhoruba na mafuriko vimo. Uliza kwa maandishi kabla ya msimu: "Maporomoko yamo au hayamo?" Kama wanaongeza kwa ada, ongeza. Na uzio, geti na ukuta wa kuzuia udongo navyo uliza, huwa vinaachwa nje.

Da Tumaini, Tukuyu: *Ndaga fijo. Kesho naenda kwa wakala.*

Kijana wa Makambako: *Nyumba yangu ni tofali mbichi, bati mpya. Wakala alipokea pesa bila kuja kuangalia. Nina wasiwasi.*

Una haki ya kuwa nao, mdogo wangu. Tazama fomu uliyosaini, sehemu ya kuta. Ikiwa imeandikwa tofali za kuchoma au bloku, hiyo si nyumba yako, na kampuni ina sababu ya kukataa. Andika barua ya kurekebisha sasa, wakati hakuna hasara. Wanaweza kuongeza ada au kukurudishia pesa, na vyote viwili ni nafuu kuliko kujua siku ya dai.

Mzee wa Iringa mjini: *Wamenikataa kwa mstari mmoja tu, "uchakavu". Paa lina miaka mitano. Niende wapi?*

Shikamoo mzee. Anza kwa kuwaandikia wao wenyewe, uombe nakala ya ripoti ya mkadiria na kifungu walichotumia. Ambatisha picha za matundu ya misumari na risiti za kununulia bati kama unazo, zinaonyesha umri wa paa. Wakishikilia msimamo, peleka malalamiko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Ofisi ya kanda yetu iko Mbeya. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo inasikiliza bila wewe kulipia ada. Nenda na barua ya kukataliwa mkononi, maana bila hiyo watakurudisha ukaichukue kwanza. Na hati ya malipo, mzee, kama wamekuletea yenye pesa kidogo ya kukutuliza, usiisaini kabla ya kufika huko.