Tulivyopiga kichupa chetu cha kwanza Sahare, na jinsi mnavyoweza kupiga chenu

Wimbo wetu ulikuwa wa dakika 3 na sekunde 12. Niliusikiliza kalamu ikiwa mkononi mara zaidi ya ishirini kabla hatujashika simu ya kushutia kichupa, yaani video ya wimbo, na wadogo zangu mnaotaka kushuti mwaka huu nawasihi muanzie hapohapo.

Aliyeuandika ni binti, mwenzangu wa darasa, na aliuandika kwa ajili ya mama yake anayekaanga samaki Sahare, hapa Tanga. Prodyuza alituambia biti, yaani mapigo ya wimbo, zinakwenda 100 kwa dakika. Kwa hiyo biti moja ni sekunde 0.6, baa ya biti nne ni sekunde 2.4, na wimbo mzima ni baa 80. Nikachora mistari 80 kwenye daftari. Kila mstari una namba ya baa, maneno yanayoimbwa, na kitu ambacho mtazamaji atakiona. Nilipokosa cha kuonyesha niliacha pengo, na mapengo yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani! Kiitikio kinarudi mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa nimeandika "anaimba ufukweni". Tukakaa jioni nzima tukibishana mpaka tukapata hivi: mara ya kwanza ionekane mikono ya mama tu, mara ya pili uso wa binti, mara ya tatu wote wawili kwenye fremu moja. Jioni ile ilitusaidia kuliko siku yoyote ya kushuti.

Mama mwenyewe tulimfuata bila kamera. Tukaamkia, tukaeleza. Akasema, "Wanangu, mimi nauza, siigizi." Mwenzangu akamjibu, "Uza tu mama, sisi tutakufuata." Na ndivyo ilivyokuwa. Mtu mzima akifanya kazi aliyoizoea, mwache aifanye kwa mwendo wake. Ukimwambia ageuze samaki upya kwa ajili yako, mkono unakakamaa na kamera inaliona hilo.

Sasa jua. Vijana wengi wanataka mwimbaji asimame mbele ya jua linalozama baharini, kama walivyoona kwenye vichupa vya nje. Upande wetu jua huchomoza baharini na kuzama nchi kavu. Ukitaka mwanga nyuma yake juu ya maji, uwe umefika ufukweni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jioni, kuanzia kama saa kumi na moja, mwimbaji aipe bahari mgongo: jua la nchi kavu litampiga usoni, lenye rangi ya asali, na nyuma yake maji yatabaki ya bluu. Saa sita mchana jua liko utosini na macho yanaingia kizani. Saa hizo sisi tulishuti mikono, karai na moshi chini ya mwembe, huku mmoja ameshika shuka jeupe upande wa pili kurudisha mwanga. Gusa uso wa mwimbaji kwenye kioo cha simu, shikilia mpaka mwanga na fokasi vijifunge, la sivyo kila wingu likipita picha itapauka au kuwa nyeusi yenyewe.

Bahari nayo ina ratiba. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Tulipiga nusu ya ubeti wa pili Jumamosi, ufuko mpana, ngalawa zimelala mchangani. Jumamosi iliyofuata, saa ileile, maji yalikuwa yamefunika pale tuliposimama. Mvuvi mmoja akatuambia turudi baada ya wiki mbili tangu ile siku ya kwanza, na kweli tukaukuta ufuko wetu.

Nifike kwenye kosa lililoniuma. Siku ya kwanza tulipiga kwa kufuatisha demo iliyokuwa kwenye simu yangu. Wimbo wa mwisho ulipotoka studio ulikuwa umeongezwa kasi kidogo, na midomo ikakataa kuingia. Saa sita za kazi zikapotea. Msishuti kabla hamjapata wimbo uliokamilika, na faili hilohilo moja ndilo lipigwe kwenye spika kila mara. Mwimbaji aimbe kwa sauti kabisa. Akichezesha midomo tu, shingo haitikisiki na mtazamaji anagundua. Simu nayo iachwe irekodi sauti ya spika, hata kama ni mbovu, kwa sababu wakati wa kuhariri utailinganisha na wimbo halisi kisha uizime. Spika isiwe mbali na kamera wala na mwimbaji. Sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo umbali wa mita 14 unatosha kuachanisha mdomo na sauti kwa fremu moja, yaani picha moja kati ya 25 za kila sekunde.

Ukipenda mwimbaji atembee taratibu huku midomo ikilingana, piga kwa fremu 50 kwa sekunde na wimbo uchezwe kwa kasi mara mbili. Ukija kuupunguza mwendo kuwa fremu 25, maneno yanarudi mahali pake. Ni kazi ngumu, afanye mazoezi ya mstari mmoja tu.

Ndani ya nyumba, taa zetu hutumia umeme wa hezi 50, na baadhi hutoa mistari inayopanda na kushuka kwenye picha. Weka shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde. Kama kamera ya simu yako haikuruhusu, app ya Blackmagic Camera inapatikana bure.

Ruhusa tuliomba ofisi ya serikali ya mtaa. Bandari, reli na maeneo ya jeshi msiyaguse. Na kama biti, yaani muziki wenyewe bila maneno, mliipakua mtandaoni, au prodyuza ni rafiki tu, andikianeni nani anamiliki nini na mtie sahihi kabla ya kurusha.

Kuhariri nilitumia DaVinci Resolve ya bure kwenye kompyuta ya chuo. Kwa fremu 25, kila biti ya wimbo wetu ilikuwa fremu 15, hivyo nilijua pa kukata bila kubahatisha. Lakini pale mama anapoinua kichwa na kumwona binti yake, nimeacha shoti moja kwa baa nne nzima, bila kukata.

Mwisho wa kichupa mweke majina ya wote: mama, mvuvi wa ngalawa, aliyeshika shuka, na kijana wa bodaboda aliyebeba spika alfajiri zote tatu. Waulizeni kwanza wanapenda majina yao yaandikweje.