Somo: Kusafisha na kufufua kibodi nyumbani (soma kabla ya kunifuata inboksi)

Wakuu, salaam. Naandika mara moja ili nikiulizwa tena nibandike linki. Wengi wanaonifuata hapa Moshi wanakuja na lile lile: "Fundi, kibodi imekufa, ninunue nyingine?" Mara nyingi haijafa. Imekunywa soda, imejaa vumbi, au haina tatizo lolote. Somo hili ni la kibodi za kawaida za USB, zile za steshenari na maofisini. Laptopu nitaigusa mwishoni.

Kabla hujashika bisibisi, hakikisha mgonjwa ni kibodi yenyewe. Ichomeke kwenye tundu jingine, kisha kwenye kompyuta nyingine. Windows ina mtego wake: ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8 inakuja Filter Keys, na ukiikubali bila kusoma, batani ukizigusa haraka haziandiki kitu. Kuna watu wamefumua kibodi nzima kwa ajili hiyo, wakati dawa ni kuizima kwenye mipangilio. Na laptopu ndogo ikianza kuandika namba mahali pa herufi, angalia Num Lock. Hujarogwa.

Vifaa: bisibisi ndogo ya nyota na nyingine bapa, mswaki wa zamani, brashi laini ya rangi, pamba, kitambaa kisichoacha nyuzi, na spiriti ya duka la dawa isiyo na rangi wala mafuta. Ya 70% inatosha. Ya 99% ukiipata inakauka haraka zaidi. Petroli, thina na dawa ya kutoa rangi ya kucha viache, vinakula plastiki. Konyagi nayo, kwa wanaouliza kwa utani na wanaouliza kweli: ina kilevi 35%, iliyobaki karibu yote ni maji. Na usishike spiriti karibu na jiko linalowaka.

Hatua ya 1. Chomoa waya. Isiyo na waya, toa betri.

Hatua ya 2. Piga picha batani zote. Usijiamini.

Hatua ya 3. Igeuze kichwa chini, ipigepige mgongoni, pitisha brashi. Kama shida ilikuwa vumbi tu, umemaliza, nenda kafanye kazi.

Hatua ya 4. Ng'oa batani kwa bisibisi bapa uliyoizungushia kitambaa, ukiinua taratibu kutoka pembeni. Space, Enter na Shift ziache kama hazina uchafu: chini yake kuna kiwaya cha chuma kinachoifanya batani ndefu ishuke sawasawa, na kukirudisha kunahitaji subira. Ulizong'oa ziloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, zisugue, zianike. Maji ya kuchemka yanazipinda.

Hatua ya 5. Fungua skrubu za nyuma. Zikiisha na kibodi bado imeng'ang'ania, usiipasue. Papasa stika kwa kidole, utasikia shimo. Na bandua vimpira vya miguu. Kuna skrubu iliyojificha.

Hatua ya 6. Ndani utakuta vikombe vya mpira, chini yake plastiki nyembamba tatu zilizolaliana. Ya juu na ya chini zimechorwa mistari ya wino unaopitisha umeme, ya katikati ina matundu tu. Ukibonyeza, ya juu inagusa ya chini kupitia tundu. Kibodi yote ni hiyo, pamoja na kibao kidogo cha umeme pembeni.

Hatua ya 7. Hapa ndipo kibodi nyingi zinapofia, tena mikononi mwa mtu aliyefanya mengine yote vizuri. Maji yenyewe hayana ubaya mkubwa kama umeme haupo. Kinachoua ni sukari: inanata, inavuta unyevu, na umeme ukipita kwenye huo unyevu unakula mistari. Kwa hiyo lazima plastiki zitenganishwe na zifutwe moja moja, kwa pamba yenye spiriti kidogo, bila kusugua mistari. Nyingine zimegandishwa kwa nukta za gundi au plastiki iliyoyeyushwa. Hizo usizibandue kwa nguvu, mstari ukikatika umejiongezea kazi. Pitisha kitambaa chembamba chenye spiriti katikati kadiri kinavyofika. Kisha zikaushe, na kukausha si kuzifuta ukafunga. Tone moja likibaki kati ya plastiki mbili halina pa kutokea, na ukiwasha kibodi itajiandikia yenyewe "jjjjjjj" usiku kucha. ONYO: usianike kwenye jua kali, usipulizie mashine ya kukaushia nywele, usiweke karibu na pasi. Plastiki ikijikunja hata kidogo, matundu hayalingani tena, na hakuna fundi wa kuinyoosha. Iache kivulini penye upepo siku nzima. Juni na Julai, wakati Arusha na huku jua linaonekana kwa msimu, iache mbili.

Hatua ya 8. Pale mistari inapokutana na kibao kuna meno meusi. Futa kwa spiriti tu. Ukikwangua kwa wembe unaondoa kaboni yenyewe.

Hatua ya 9. Rudisha. Skrubu za karibu na kibao zikaze vizuri, ndizo zinazobana meno yagusane. Zikilegea, batani nyingi zinakufa kwa pamoja.

Laptopu ikimwagikiwa: chomoa chaja, shikilia batani ya kuwashia mpaka izime, toa betri kama inatoka, igeuze kama hema. Usiitikise, usiiwashe "kujaribu", usiizike kwenye mchele. Mchele unaacha unga na haunyonyi sukari. Kama ilikuwa soda au chai, ni ya kufunguliwa.

MASWALI

Kijana wa Sakina: Mkuu, vipi nikitumia hair dryer kwa mbali?

Jibu: Hatua ya 7.

Kijana wa Sakina: Nimeisoma, ila ni kwa mbali.

Jibu: Basi hujaisoma.

Mzee wa Data: Aliyeandika hatua ya 7 ana machungu yake 😂

Jibu: Swali lako ni lipi?

Mama Pasua: Mwanangu, kibodi ya kijana wangu imemwagikiwa chai ya maziwa wiki iliyopita. Bado inaandika ila inanata. Niiache?

Jibu: Shikamoo mama. Usiiache. Sukari ile inaendelea kuvuta unyevu hata ikionekana imekauka, na maziwa yatanuka. Kama ni ya waya, mwambie aichomoe leo, afuate hatua zote. Akikwama kwenye skrubu aniandikie, nitamwelekeza.

Boss Mtoto: Laptopu imeingia soda, nimeiwasha inawaka fresh, ila batani zinajibonyeza. Nifanyeje haraka haraka?

Jibu: Izime. Umeisoma aya ya laptopu au umeruka kuja kuuliza?

Njiro Tech: Kaka, swali la kujifunza. Yangu imekufa batani kadhaa, hazifuatani, ila zinakufa na kupona kwa pamoja. Kwa nini?

Jibu: Swali zuri. Kila batani haina waya wake peke yake. Kuna mistari ya kushuka na ya kukatiza. Mfano 8 ikikatizwa na 18 unapata makutano 144, zaidi ya batani 104 za kibodi ya kawaida. Mstari mmoja ukiliwa, batani zake zote zinalala hata kama ziko mbalimbali mezani. Fuata mstari wao kwa macho, tafuta palipopauka au kuwa peusi, pima kwa mita ya fundi (multimeter). Usiunge kwa risasi, plastiki itayeyuka. Tumia rangi inayopitisha umeme. Ile ya kuungia mistari ya kioo cha nyuma cha gari inafaa. Penseli inafanya kazi kwa muda, kisha inakuangusha.

Njiro Tech: Asante kaka. Mstari nimeuona, upo chini ya Caps Lock.

Baiskeli Moja: Mimi vumbi napuliza kwa kompresa ya wajaza upepo. Dakika moja tu.

Jibu: Ile inatema maji na mafuta, na batani zitakwenda barabarani. Pampu ya baiskeli inatosha, una bahati jina lako linakuruhusu.

Steshenari ya Mbuyuni: Yangu nikibonyeza @ inatoa alama ya kunukuu. Niifungue?

Jibu: Hapana dada. Kompyuta imewekwa mpangilio wa Uingereza na kibodi ni ya Marekani, au kinyume chake. Bonyeza Windows na Space pamoja. Kama mipangilio yote miwili imewekwa utabadilisha hapo hapo, kama haipo ongeza kwenye mipangilio ya lugha.

Steshenari ya Mbuyuni: Imekubali! Na herufi zilizofutika je? Wateja wanatafuta A mpaka nawaonea huruma.

Jibu: Stika za herufi zinauzwa. Futa batani kwa spiriti kwanza, ikauke, ndipo ubandike, la sivyo zitabanduka na jasho. F na J usizifunike vile vinundu vyake, wanaochapa bila kuangalia watakulaumu.